Useremala wa Mkono kwa Anayeanza: Noa Kwanza, Kigoda Kitafuata

Anayetaka kujifunza useremala kwa kujifurahisha, jioni baada ya kazi au Jumamosi asubuhi, mara nyingi huanzia dukani. Ananunua msumeno, randa na seti ya patasi, anatafuta kipande cha mbao, anaanza. Baada ya nusu saa randa inang'oa vipande badala ya kutoa maranda, patasi inaponda mbao badala ya kukata, msumeno umekwenda upogo. Hapo wengi huhitimisha kwamba kazi hii ina wenyewe. Tatizo haliko mikononi mwao. Patasi na randa nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimesagwa tu, hazijanolewa, na muuzaji hana sababu ya kukuambia.

Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye makali kabla ya kufika kwenye mbao. Mwishoni utakuwa umetengeneza kigoda kimoja cha jikoni, kwa ulimi (ncha iliyochongwa nyembamba) unaoingia kwenye tundu na kukazwa kwa kabari, kitu ambacho mtu atakalia miaka mingi. Umeme hauhitajiki. Kelele ni ndogo, kiasi kwamba hata aliyepanga chumba na sebule anaweza kufanya kazi hii kibarazani bila kugombana na jirani. Mafundi wa majahazi wa Nungwi kule Unguja na Matondoni kule Lamu kwa vizazi wamejenga vyombo vya kuvuka bahari kwa tezo (shoka la kuchongea), msumeno, patasi na kekee (kifaa cha kutobolea), wakifanya kazi ufukweni chini ya kivuli cha makuti.

Vifaa vya kuanzia

Unahitaji msumeno mmoja wa mkono wenye meno 8 hadi 10 kwa inchi. Randa moja ya chuma, namba 4 au namba 5. Namba 5 ni ndefu zaidi, inchi 14 hivi, na kwa anayeanza ndiyo ninayoipendekeza kwa sababu urefu wake unasaidia kunyoosha mbao. Patasi mbili: ya milimita 12, ambayo wauzaji wengi wataiita ya nusu inchi, na ya inchi moja. Guni (kifaa cha kupimia pembe mraba), futi, penseli, kisu chembamba chenye ncha, na nyundo ya mbao. Nyundo ya chuma ibaki kwa misumari. Ukipigia patasi utapasua mpini.

Ukiweza kupata vya mitumba, chukua vya mitumba. Randa kuukuu za Stanley au Record zilizotengenezwa Uingereza zina chuma kizuri kuliko nyingi mpya za bei rahisi, na bado zinapatikana kwa mafundi wazee au ukizunguka Gerezani jijini Dar es Salaam na Gikomba jijini Nairobi. Kutu ya juu isikutishe, inatoka kwa msasa na mafuta ya taa. Angalia mambo mawili: kama kuna ufa karibu na mdomo wa randa, pale chuma kinapotokea chini, na kama chuma chenyewe kimebaki na urefu wa kutosha. Penye ufa, irudishe mezani uendelee kutafuta.

Kwa msumeno, kuna aina inayouzwa kila mahali yenye meno meusi au ya rangi ya buluu. Meno hayo yamechomwa yakawa magumu mno, tupa haiyagusi. Yanakaa na makali muda mrefu, lakini yakiisha, msumeno umeisha. Kwa kujifunzia unafaa kabisa. Ukitaka msumeno wa kukaa nao maisha, tafuta wenye meno meupe unaoweza kunolewa kwa tupa ya pembetatu.

Hatua ya 1: Kunoa

Huhitaji jiwe la gharama. Nenda kwa fundi vioo uombe kipande cha kioo cha milimita 5 au 6, ukubwa wa daftari, umwambie akusagie kingo zisikukate. Kisha nenda duka la rangi za magari ununue msasa wa maji, ule wanaotumia mafundi bodi: namba 240, 400, 1000 na 2000, karatasi moja moja. Kioo kimenyooka kuliko meza yoyote uliyonayo, na msasa uliolowa unashika juu yake wenyewe.

Anza na mgongo wa patasi, yaani upande ulio bapa. Lowesha kioo, lowesha msasa namba 240, uweke juu. Laza mgongo wa patasi, ile sehemu ya mbele tu kama sentimita tatu, bonyeza kwa vidole viwili, sugua mbele na nyuma. Baada ya dakika moja inua utazame. Utaona sehemu zimekwaruzwa na sehemu hazijaguswa. Hiyo ni dalili kwamba mgongo haukuwa umenyooka. Endelea mpaka mikwaruzo ifike kwenye ncha kabisa, kutoka kona hadi kona. Kisha namba 400, kisha 1000, kisha 2000, mpaka mgongo ung'ae na uone kivuli cha uso wako. Kazi hii inachosha, lakini kwa kila patasi unaifanya mara moja tu. Usiiruke. Makali ni pale nyuso mbili zinapokutana, na uso mmoja ukiwa na mashimo, makali yatakuwa na mashimo.

Sasa geukia mteremko. Patasi nyingi husagwa kiwandani kwa digrii 25, na ncha yenyewe hunolewa kwa digrii 30 ili isikatike haraka. Huhitaji kifaa cha kupimia pembe. Pima unene wa chuma, kisha pima urefu wa mteremko: urefu ukiwa mara mbili ya unene, uko kwenye digrii 30. Chuma cha milimita 3 kiwe na mteremko wa milimita 6. Ukiwa kama mara mbili na nusu, uko karibu na 25.

Weka mteremko juu ya msasa namba 400. Bembeleza patasi mbele na nyuma kidogo mpaka uhisi mteremko mzima umekaa, kisha inua mpini kidogo sana, kiasi cha unene wa kidole. Hapo ndipo ulipo kwenye digrii 30 au karibu yake. Funga viwiko ubavuni, sogeza mwili wako wote badala ya kuzungusha kifundo cha mkono, na vuta patasi kuja kwako. Kuvuta tu, ukisukuma, ncha itachana msasa. Kuna vijigari vidogo vya kushikilia patasi kwenye pembe moja vinavyouzwa, na anayeanza hana haja ya kuona aibu kuvitumia.

Kitu cha kutafuta sasa ni mkunjo. Chuma kinapofika mwisho wa kunolewa, ncha inakuwa nyembamba mno hata inajikunja kuelekea mgongoni. Pitisha kidole mgongoni mwa patasi kutoka katikati kwenda nje ya ncha, kamwe si kwa kufuata ncha yenyewe. Utahisi kitu kinachokwama kwenye ngozi. Kisipokuwepo, hujafika. Kikiwepo katikati tu na pembeni hakuna, hujafika pembeni. Wanaonoa wakashindwa, wengi wao wanaacha kabla ya mkunjo huu kutokea upana wote. Ukiupata, hamia 1000, utafute mkunjo mdogo zaidi, kisha 2000. Malizia kwa kulaza mgongo kwenye msasa wa 2000 na kuvuta mara chache ili kuuondoa. Ukiwa na kipande cha mkanda wa ngozi, kigundishe kwenye ubao, upande wa ndani ukiwa juu, na uvute patasi kinyumenyume mara 20 kila upande.

Namna ya kujua kama imekubali: ishike chini ya taa ncha ikiwa juu. Makali butu yanarudisha mwanga, utaona uzi mweupe unang'aa. Makali kamili hayaonekani. Jaribio la pili ni kichwa cha mbao ya paini, pale nyuzi zinapokatikia. Paini ni laini na patasi butu inaiponda, inaacha vijishimo kama mkate uliokatwa kwa kisu kibaya. Patasi iliyonolewa inatoa kipande chembamba na kuacha uso unaong'aa. Wengi hudhani mbao ngumu ndiyo mtihani. Hapana, mtihani ni mbao laini.

Chuma cha randa kinanolewa vilevile, kwa nyongeza moja: mwishoni bonyeza zaidi kona ya kushoto kwa mivuto michache, kisha ya kulia, ili kona zipungue kidogo sana na zisiache mistari kwenye mbao.

Onyo moja kuhusu mashine ya kusagia. Ukimpelekea mtu wa mashine patasi yako airekebishe pengo, mwambie achovye kwenye maji kila baada ya sekunde chache. Chuma kikigeuka rangi ya buluu kwenye ncha, ugumu wake umeondoka, na sehemu hiyo yote itabidi isagwe itupwe.

Hatua ya 2: Kuipanga randa

Randa ya chuma ina vyuma viwili vilivyobanwa pamoja: kile kinachokata, na kile cha juu yake kinachovunja maranda. Chuma cha juu kikae milimita moja hivi nyuma ya makali kwa mbao laini. Kwa mninga au mvule, ambao nyuzi zake hupishana na kung'oka ovyo, kisogeze karibu zaidi, nusu milimita au chini ya hapo. Badiliko hilo dogo ndilo linalotenganisha mninga uliotulia na mninga uliojaa mabaka.

Geuza randa tumbo juu, itazame kwa mbele kama unayelenga shabaha. Zungusha gurudumu la nyuma mpaka uzi mweusi wa chuma uonekane, kisha urudishe nyuma upotee. Chukua kipande chembamba cha mbao, kipitishe juu ya mdomo upande wa kushoto na upande wa kulia huku ukitoa chuma kidogo kidogo. Pande zote mbili zinapaswa kukata sawa. Zisipokata sawa, sogeza kile kiwiko cha nyuma ya chuma kwenda upande unaokata zaidi. Mwisho paka tumbo la randa nta ya mshumaa, mistari miwili mitatu tu. Utashangaa jinsi kazi inavyokuwa nyepesi.

Hatua ya 3: Mbao

Tanzania, mbao ya kujifunzia ni paini, nyingi yake ikitoka Mufindi, kwenye shamba la serikali la Sao Hill na mashamba ya watu binafsi. Kenya utapata saiprasi pia, nayo inakata vizuri mno. Mninga, mkongo na mvule uwache kwanza, au uombe vipande kwa mafundi samani. Keko jijini Dar es Salaam, au popote penye karakana za vitanda na makabati, vipande vya futi moja au mbili huishia jikoni kama kuni. Nenda kwa heshima, msalimie fundi, nunua badala ya kuomba bure, na huko huko utaona mikono inavyofanya kazi.

Ukifika kwa muuzaji, kwa kigoda chetu taja "moja kwa nane", yaani unene wa inchi moja na upana wa inchi nane. Ikishapigwa randa itabaki kama milimita 22. Tazama ubao kwa urefu, jicho likiwa kwenye ncha moja: unaona kama umepinda au umejipinda kama propela? Urudishe. Angalia kichwa chake: ukiona duara la moyo wa mti katikati, urudishe pia, huo utapasuka.

Usichukue mbao za dawa, zile za rangi ya kijani zinazouzwa kwa ajili ya paa. Dawa zinazotumika sana zina shaba, kromiamu na aseniki. Juu ya paa hazina shida, lakini si mbao za kupiga msasa kibarazani wala za kukaa jikoni. Mabaki yake yasichomwe, na maranda yake asipewe mfuga kuku.

Mbao nyingi huuzwa zikiwa bado mbichi. Zikatie urefu unaozidi kidogo unaoutaka, zipange ndani ya nyumba kwa vijiti katikati ili hewa ipite, na pima kipande kimoja kwenye mizani ya jikoni kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, mbao imekauka kadiri hewa ya nyumbani kwako inavyoruhusu. Hakuna haja ya kubahatisha.

Hatua ya 4: Mstari na msumeno

Kabla ya kuiamini guni yako, ijaribu. Iegemeze kwenye ukingo ulionyooka, chora mstari kwa kisu, kisha igeuze upande wa pili na uchore tena mahali palepale. Mistari ikilingana, guni ni nzima. Ikiachana, nusu ya pengo hilo ndiyo kosa lake. Wengi hulaumu msumeno miezi mizima, kumbe ni guni iliyowahi kuanguka.

Chora kwa kisu mahali pa kukata, penseli iwe ya kuandikia namba tu. Mstari wa kisu una upana wa sifuri na unakata nyuzi za juu zisichanike. Upande wa mabaki, egemeza patasi na utoe kijipande chembamba kuelekea mstari, utabaki na mfereji mdogo ambao msumeno utajilaza wenyewe.

Simama ili bega, kiwiko na msumeno viwe kwenye mstari mmoja. Kidole cha shahada kielekee mbele juu ya mpini. Anza kwa kuvuta nyuma mara moja mbili bila kubonyeza. Kisha sukuma kwa urefu wote wa msumeno, ukiuachia uzito wake ufanye kazi. Mwenye kukaba mpini kwa nguvu ndiye anayekwenda upogo. Kama bapa la msumeno wako linang'aa, tazama kivuli cha mbao ndani yake: mbao na kivuli chake zikionekana kama ubao mmoja ulionyooka, msumeno umesimama wima. Ukiona pameingia pembe, umeinama.

Zoezi: chukua kipande cha moja kwa mbili na ukate vipande vyembamba kama biskuti, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kwa mstari wa kisu pande zote nne. Kagua kwa guni. Fanya hivi jioni kadhaa kabla ya kugusa mbao ya kigoda.

Hatua ya 5: Kibao cha kukatia

Hiki ndicho kitu cha kwanza cha kujitengenezea, na utakitumia kila siku. Kipande cha ubao cha sentimita 25 kwa 18. Kwenye ukingo mmoja wa juu pigilia kijiti, kwenye ukingo wa upande wa pili pigilia kingine, lakini kwa chini. Cha chini kinanasa kwenye ukingo wa meza, cha juu kinazuia mbao isikimbie unapokata. Kijiti cha juu kisifike mpaka mwisho upande wa kulia, kibaki pengo la sentimita mbili ili msumeno ukimaliza ukate kibao na si meza ya watu.

Kwa kupiga randa, pigilia kizuizi chembamba kwenye benchi imara na uisukumie mbao hapo. Kimo cha benchi kiwe pale kifundo cha mkono kinapofika ukisimama mikono chini. Tazama ubavu wa mbao: nyuzi zinapanda kuelekea upande fulani, na randa ifuate upande huo. Ukisikia inakwaruza na kung'oa, geuza mbao. Mwanzo wa mpigo bonyeza mkono wa mbele, mwisho wa mpigo bonyeza wa nyuma.

Hatua ya 6: Kigoda

Ubao wa moja kwa nane wenye urefu wa mita 1.3 unatosha. Kata kiti cha sentimita 40, miguu miwili ya sentimita 20 kila mmoja, na upau wa kuunganisha miguu wenye urefu wa sentimita 31 na upana wa 8. Nyuzi za miguu zisimame wima. Piga randa kila uso, kisha weka alama uso mmoja na ubavu mmoja wa kila kipande. Vipimo vyote vianzie kwenye alama hizo.

Mifereji ya kiti. Chini ya kiti, sentimita 5 kutoka kila ncha, chora mfereji wenye upana sawa na unene wa mguu. Usitumie futi hapa: simamisha mguu wenyewe juu ya kiti na uchore kwa kisu pande zote mbili. Kina kiwe milimita 7. Bandika utepe kwenye msumeno kuonyesha kina hicho, kata mistari miwili, kisha ondoa katikati kwa patasi ukianzia kila ncha kuelekea katikati. Ukipitisha patasi moja kwa moja mpaka upande wa pili, utang'oa ukingo.

Ulimi na tundu. Upau una ulimi kila ncha, unene milimita 12 na kimo sentimita 4, katikati kabisa ya upau. Umbali kati ya mabega ya ndimi mbili, yaani pale kila ulimi unapoanzia, ni sentimita 25.6 kama mbao yako ina milimita 22. Kama ina unene mwingine, kunja hesabu: sentimita 30 ukitoa unene wa miguu miwili. Ndimi zitazidi nje ya mguu kwa milimita chache, nazo zitakatwa baadaye.

Tundu kwenye mguu linaanza milimita 27 kutoka juu na kuishia milimita 67, upana milimita 12, sawa na patasi yako. Chora pande zote mbili za mguu. Piga patasi ukianzia katikati ya tundu, kila pigo ukisogea milimita 3 kuelekea ncha, mgongo wa patasi ukielekea ncha unayoiendea. Fika nusu ya unene, geuza mguu, maliza kutoka upande wa pili. Ndiyo maana ya kuchora pande zote mbili: mashimo yanakutana katikati na hakuna uso unaochanika.

Kata ulimi baada ya tundu, na uukate ukiwa mnene kidogo kuliko tundu. Kuupunguza kwa patasi ni rahisi, kuurudishia haiwezekani. Unapaswa kuingia kwa kusukumwa kwa mkono na kugongwa kidogo. Ukidondoka wenyewe, umelegea. Ukihitaji kupigwa kwa nguvu zote, utapasua mguu.

Kabari. Kwenye kila ulimi kata nafasi mbili kwa msumeno, zikienda mlalo, yaani zikikata ule unene wa milimita 12. Hapa tulia ufikirie. Kabari zikiingia zitautanua ulimi juu na chini, kuelekea mahali nyuzi za mguu zinapokatikia, na hapo mbao ina nguvu. Ukikata nafasi hizo wima, kabari zitasukuma kushoto na kulia, na mguu utapasuka kutoka juu hadi chini. Upande wa nje wa tundu, panua juu na chini kwa milimita moja au mbili ili ulimi upate pa kutanukia. Kabari zichonge kutoka mbao ngumu, kipande cha mninga kinapendeza machoni.

Chini ya kila mguu kata umbo la V lililogeuzwa, ili kigoda kisimame kwa ncha nne. Sakafu nyingi hazijanyooka.

Kusanya vyote bila gundi kwanza. Vikikubali, paka gundi nyeupe ya mbao kwenye ndimi, mifereji na ukingo wa juu wa upau, kisha gonga kabari kwa zamu, moja kidogo, nyingine kidogo, mpaka sauti ibadilike. Kama huna klampu, kata mpira wa ndani wa baiskeli uwe mikanda mirefu na uufunge kwa kuuvuta. Unabana kuliko unavyodhani. Acha mpaka kesho yake. Kata ndimi zilizozidi, piga randa ziwe sawa na mguu.

Utaona kwamba kiti na miguu vimepangwa ili upana wao uelekee upande mmoja. Masika mbao hutanuka kwa upana, kiangazi husinyaa. Kwa urefu wa nyuzi haibadiliki kwa kiasi cha kuhesabu. Vikiwa vimepangwa hivi vinatanuka pamoja. Anayepigilia ubao wa kukingama chini ya meza kwa gundi na misumari anaifunga mbao isipumue, na ufa unaokuja miezi baadaye haukwepeki.

Kigoda kikicheza, kiweke kwenye meza iliyonyooka, ingiza karatasi chini ya mguu mfupi mpaka kitulie, chora kuzunguka miguu yote kwa penseli iliyolazwa juu ya kibao chembamba, kata hapo.

Hatua ya 7: Kumalizia

Uso uliopigwa randa yenye makali hauhitaji msasa mwingi, namba 240 kuvunja kingo tu. Hii ni afya pia: shirika la utafiti wa saratani la WHO limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu, na vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua. Piga msasa nje, vaa barakoa.

Vanishi paka mara tatu nyepesi badala ya mara moja nzito, ya kwanza ikiwa imepunguzwa kwa thina, na katikati pitisha msasa laini. Ukichagua mafuta ya kitani, paka, subiri dakika 15, futa yote yaliyobaki juu. Vitambaa vilivyofutia mafuta hayo usivikunje na kuvitupa kona. Vinajipasha joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto. Vitandaze nje vikauke, au vitie kwenye ndoo ya maji.

Wakati vanishi inakauka, futa patasi na chuma cha randa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani. Kwa anayeishi Tanga, Mombasa au Zanzibar hili ni la kila jioni, kwani chumvi ya hewani inaanza kula makali usiku mmoja tu.